Kanisa Linapopokea Waathirika wa Mafuriko: Kuanzia Daftari Hadi Mbegu

Usharika au parokia ina kitu ambacho lori la msaada kutoka mjini halina: inajua nani anaishi wapi. Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni daftari. Andika kaya kwa kaya: jina la mkuu wa kaya, kitongoji, idadi ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, na wanaotumia dawa kila siku (kisukari, shinikizo la damu, ARV). Habari za ugonjwa ziandikwe kando, azishike mhudumu wa afya peke yake. Safu ya "dini" isiwepo kabisa. Orodha ikikamilika, isomwe hadharani mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Majina hewa hufa hapo hapo, na aliyesahaulika hupata nafasi ya kusema. Nakala ipelekwe kwenye kamati ya maafa ya wilaya, maana kituo kisichojulikana huko hakipangiwi maji wala dawa.

Hesabu zinazofuata ni za kituo cha watu 300, kwa viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada.

Kulala kwanza, kwa sababu hapa ndipo makanisa mengi hukosea kwa huruma. Kila mtu anahitaji mita za mraba 3.5. Ukumbi wa mita 10 kwa 20 unatosha watu 57, basi. Ukijaza 300 humo, surua na magonjwa ya kifua yataenea ndani ya wiki chache. Wengine wapelekwe madarasani, kwa ndugu, au chini ya maturubai kwenye mwinuko.

Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na kuoga: jumla lita 4,500. Tangi la lita 5,000 lijazwe kila siku, liwe na koki zisizopungua mbili. Maji ya tope hayatibiki kwa klorini moja kwa moja, kwani uchafu huila klorini kabla haijaua vijidudu. Yatulize kwa shabu au yaache yatuame usiku kucha, kisha uyahamishe bila kutibua mashapo.

Ukitumia unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, koroga gramu 15, yaani kijiko kikubwa kimoja cha kusawazisha, katika lita 1 ya maji. Chukua ndoo nne za plastiki za lita 20 zenye maji yale yale, tia mililita 1, 2, 3 na 4 za mchanganyiko huo, koroga, subiri dakika 30, halafu pima klorini iliyobaki. Ndoo iliyo karibu na miligramu 0.5 kwa lita ndiyo kipimo chako. Kwa tangi la lita 5,000 zidisha mara 250: ikiwa ni mililita 2, unatia mililita 500. Rudia upimaji kila chanzo cha maji kinapobadilika au mvua mpya inaponyesha. Kukisia ni hatari pande zote mbili: kidogo mno hakiui, kingi mno watu hukimbilia maji ya mtoni kwa sababu ya harufu.

Vyoo: kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, yaani sita, vinne vya wanawake na viwili vya wanaume, kisha ongeza hadi kimoja kwa watu 20. Viwe mita 30 kutoka kisimani, viwe na komeo kwa ndani na taa usiku. Kila choo kiwe na kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni.

Chakula cha siku moja: unga kilo 120 (takriban viroba vitano vya kilo 25), maharage kilo 18, mafuta lita 8, chumvi kilo 1.5. Kuni zikiwa zimelowa, choroko ni bora kuliko maharage kwa kuwa huiva upesi. Mahindi na unga vilivyolowa mafurikoni visianikwe vikapikwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kuchemsha. Maziwa ya unga ya watoto yakiletwa kama msaada, yasigawiwe ovyo. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, maana chupa iliyooshwa kwa maji machafu huua.

Mitumba ndiyo msaada unaoletwa kwa wingi zaidi na kusumbua zaidi. Hujaza stoo, hulowa, huoza, na watu kumi hupoteza siku nzima wakichambua. Waombeni wafadhili ndoo zenye mfuniko, sufuria, mikeka, vyandarua, khanga, taulo za kike, tochi na sabuni. Fedha ni bora zaidi, lakini ziingie kwenye akaunti ya usharika yenye watia saini wawili, kamwe si kwenye simu ya mchungaji.

Sasa lile linalogusa imani yenyewe. Bonde la Rufiji lina Waislamu wengi, na mafuriko ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti yaliwakuta watu wakimalizia mfungo wa Ramadhani. Kanisa linalopika mahali kama hapo huandaa daku na futari, huacha Mwislamu achinje, na hutenga mahali pa kuswali. Usihubiri kwenye foleni ya unga. Aliye kwenye foleni hawezi kuondoka, hivyo kusikiliza kwake si hiari. Ibada iwe na saa yake na mahali pake, kwa anayetaka. Kristo hakumwuliza yule kipofu wa Yeriko dini yake. Alimwuliza anataka nini.

Waliokufa wazikwe na ndugu zao, kwa taratibu zao, shehe akiitwa inapobidi. Maiti za mafuriko kwa kawaida hazileti mlipuko wa magonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzika haraka kabla hazijatambuliwa.

Mtoto asiye na mzazi asikabidhiwe mgeni yeyote, hata mwenye barua ya kanisa. Aende kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya kuripoti bure.

Mapema, watu wakiwa bado kambini, agizeni mbegu. Maji yakipungua, wakulima wa Rufiji hulima mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, kwenye udongo wenye unyevu, na unyevu huo hausubiri. Mahindi ya muda mfupi na kunde viwe stoo kabla familia ya kwanza haijarudi shambani, pamoja na jembe moja kwa kila kaya iliyomo kwenye daftari.