Kumpeleka Mjukuu Bustanini Majani Yanapopukutika

Mjukuu wangu ametimiza miaka miwili juzijuzi, na mama yake akiwa kazini mimi ndiye ninayempeleka kwenye bustani ya jiji. Kwa kazi hii hakuna majira yanayonifaa kama haya ya majani kupukutika. Watu wamepungua, bembea hazina foleni, na chini kumejaa vitu vya kuchezea ambavyo hakuna aliyevinunua.

Toka asubuhi, mtoto akishashiba. Jioni usithubutu: jua linawahi kuzama, baridi inashuka ghafla, na mtoto aliyechoka hana simile na mtu. Mvishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine: fulana, sweta, halafu koti lisilopitisha maji, na buti za mvua. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, usishike vidole vyake, maana vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Pitisha mkono nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, vua sweta. Suruali na soksi za akiba ziwe mkobani kila siku, hata kukiwa kukavu.

Ukishafika, usimzungushe bustani nzima. Kuizunguka bustani ni hamu ya mtu mzima. Mtoto wa umri huu hana safari, ana kidimbwi kimoja cha maji ya mvua na kijiti. Mimi huchagua mti mmoja mkubwa, naweka mkoba, namwachia yeye aongoze. Tunachambua majani kwa rangi: ya manjano huku, mekundu kule. Mama yake aliwahi kuniuliza rangi hizo zinatoka wapi. Ile ya manjano ilikuwamo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani. Mchana ukifupika mti unaacha kutengeneza kijani, nayo manjano inaonekana. Wekundu, kwa miti mingi, hutengenezwa upya majira hayohayo. Mjukuu hana habari na hayo, yeye anataka kuyarusha hewani.

Kurukia rundo la majani ni ruhusa, lakini tangulia wewe kulipekua kwa mguu. Humo hukaa kinyesi cha mbwa, vipande vya chupa, na wakati mwingine mnyama mdogo aliyejificha baridi. Rundo lililo kando ya barabara au kwenye maegesho ya magari usimruhusu kabisa, kwani dereva hawezi kumwona mtoto aliyezama ndani yake.

Halafu kuna mdomo. Mbegu za miti zinazodondoka majira haya zinatosha kabisa kumkaba koo mtoto mdogo. Kipimo changu ni kile kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni: kinachopita humo hakiingii mkononi mwake nikiwa nimegeuza kichwa. Zile mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa, zinazotoka kwenye ganda la kijani lenye miiba, zinavutia sana, ila aina inayopandwa bustanini mara nyingi ina sumu. Uyoga ndio wa kuogopa zaidi. Uyoga uitwao Amanita phalloides, unaoweza kuua, huota chini ya mialoni hata katikati ya miji, na dalili zake huchelewa saa 6 au zaidi. Mtoto akimeza uyoga usiothubutu kuula wewe mwenyewe, usingoje aumwe na usimtapishe. Nenda hospitali na kipande cha uyoga huo mkononi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni bwawa. Majani yakianguka mengi hutanda juu ya maji yakayafunika, na mtoto anaona ni ardhi kama ile aliyokuwa akiikimbilia sasa hivi. Karibu na bwawa mimi sikai kwenye benchi. Nakuwa umbali wa mkono wangu, simu mfukoni, kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele, na maji ya kina kifupi tu yanamtosha.

Kuondoka ni vita. "Bado dakika tano" hakumwambii kitu. Mwambie, "Mara tatu kwenye bembea, kisha nyumbani," mhesabie kwa sauti, na ya tatu iwe ya tatu kweli. Mruhusu abebe jani moja. Akitaka kubeba gogo, jadilianeni.

Nyumbani mkague kupe kabla ya kuoga: nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mambo ya kumpaka mafuta au kumchoma achana nayo. Buti zilizolowa zitolee soli za ndani, zijaze magazeti makavu, uyabadilishe kabla ya kulala. Usiziweke juu ya hita, mpira utapasuka.