Kabla ya Kuimba: Pasha Sauti, Usiichoshe

Maji yanywe tangu jana yake. Ile glasi unayoigugumia mlangoni pa kanisa haifiki kwenye nyuzi za sauti: maji hupita njia ya chakula, nyuzi ziko njia ya hewa. Tangawizi, asali na ndimu vivyo hivyo. Tafuna ukipenda, koo litajisikia vizuri, ila usiniambie umeshapasha sauti.

Lala mapema. Usiongoze mapambio ya mkesha hadi alfajiri wakati solo ya asubuhi ni yako.

Usishibe pilipili usiku ukapanda kitandani hapohapo. Kiungulia kikipanda kinaunguza koromeo. Samaki wa soko la Kirumba watakuwepo na kesho.

Sasa safari, na hapa nisikilizeni. Kwaya za Mwanza zikialikwa kisiwani Ukerewe huvuka kwa meli hadi Nansio, mwendo wa saa tatu na ushei. Mizigo haijapangwa, mtu keshaanzisha wimbo, abiria wanapiga makofi, raha tupu. Lakini melini unashindana na injini na upepo, na usipoisikia sauti yako, koo linaongeza nguvu lenyewe bila kukuomba ruhusa. Mtu wa sauti ya kwanza akishika ile noti ya A ya kutunia vyombo, nyuzi zake zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Piga hesabu ya safari nzima, tena kwa kupaza. Lazima zivimbe.

Kwaya moja niliyoifuata kama mpiga kinanda iliimba hivyo mpaka tunaiona Nansio. Tuliposhuka, mwalimu wao akataka robo saa ya mazoezi kivulini. Dada wa solo akacheka: "Mwalimu, sisi tumepasha tangu Mwanza!" Kuongea alikuwa anaongea vizuri, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana uvimbe huanza kuiba noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa shangwe, ukapita. Wa pili unaanzia juu, kwa sauti ndogo, yeye peke yake. Alifungua mdomo ikatoka pumzi tupu. Akaongeza nguvu, ikakatika. Sauti ya pili wakamdaka wakamalizia wao, na mama mmoja kwenye benchi la mbele akainamisha uso kwa huruma. Wakati wa kurudi akawa ananong'ona, eti anapumzisha koo. Kunong'ona kwa kukaza hakupumzishi chochote. Nyamaza kabisa.

Basi jipime mapema: imba kipande kifupi, juu, kama unambembeleza mtoto. Ikigoma, wimbo ushushwe ufunguo au apewe mwingine. Asiyekubali kupokonywa solo atapokonywa na koo lake, mbele za watu.

Kupasha kwenyewe ni dakika 10 hadi 15. Vumisha mdomo ukiwa umefumba, sauti za katikati. Tetemesha midomo, brrr, ukipanda na kushuka, au toa sauti kupitia mrija wa soda. Ndipo do-re-mi-re-do, mkipandisha nusu hatua kila mara. Besi msianze kwa kuunguruma chini kabisa kutafuta sifa. Koo likikwama, meza mate, usilikwangue kwa kukohoa. Na mgeni rasmi akihutubia saa nzima, vumisheni tena chinichini kabla ya kusimama.

Usimeze aspirini ili uimbe na koo linalouma. Inaongeza hatari ya mishipa midogo ya kwenye nyuzi kuvuja damu, na maumivu ndiyo yanayokuambia unyamaze. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali, kwa Mwanza pale Bugando wapo madaktari wa masikio, pua na koo.

Mengine ya kuepuka mnayajua: vumbi la kiangazi, moshi wa jikoni, kukaa chini ya feni, kupiga soga karibu na spika. Maikrofoni ijaribiwe watu hawajajaa. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, msishindane na jenereta.