Chora picha kichwani kabla hujatuma habari

Ukiandika habari, tangazo la kikao au risala ya harusi, rudia kila tamathali, yaani usemi wa picha, ukijaribu kuichora kichwani. Pale Mbuyuni, Moshi, wazee wa kijiwe cha kahawa walicheka hadi machozi redio iliposema: "Mgogoro wa maji ulioota mizizi umegonga mwamba." Kuota mizizi ni kazi ya mti, kugonga mwamba ni balaa la jahazi. Mti gani huo unaosafiri baharini? Baya zaidi, hatukujua kama mgogoro umekwisha au ni mazungumzo ya kuumaliza ndiyo yamekwama. Habari yenyewe ilipotea, na hilo ndilo linaloniuma.

Chagua picha moja uende nayo hadi nukta. Mgogoro ukiuita mti, ung'olewe. Ukiuita moto, uzimwe.

Methali ndizo zinazoponyoka sana, maana tumezoea kuzitamka nusu tukimwachia msikilizaji amalizie. "Usipoziba ufa" inadai ukuta, "samaki mkunje" inadai angali mbichi. Mwenyekiti akisema "tuzibe ufa angali mbichi," ukumbi mzima unasahau ajenda, hata kama hoja yake ilikuwa nzito. Kwenye hotuba, iandike methali yote, hata ile ambayo kila mtu anaijua.

Na ukikwama hewani, picha iache kabisa. Sema: "Mazungumzo kuhusu maji yamesimama. Pande mbili zitakutana tena Jumatatu."