Kuweka taimingi ya pampu kwenye pikapu ya dizeli kwa geji

Sikio halipimi taimingi, yaani wakati ambao pampu hupuliza mafuta ndani ya silinda. Nasema hivi mapema kwa sababu mafundi wengi hulegeza nati za pampu, wakaisukuma kidogo, wakawasha na kusikiliza, wakaisukuma tena mpaka mlio uwapendeze, kisha wakakaza. Gari hutoka hapo likiwa jepesi mguuni, na mwenye gari hufurahi. Injini inayochoma mafuta mapema mno huwa na mshiko mzuri kwa muda, huku gasketi ya silinda hedi na pistoni zikiumia kimya kimya. Geji ya saa, ile yenye mshale unaosoma sehemu za mia za milimita, pamoja na adapta yake, ndiyo inayojua pampu imekaa wapi. Kama huna, azima kabla hujagusa nati hata moja.

Maelezo haya ni ya pampu ya kuzunguka aina ya VE, iliyobuniwa na Bosch na kutengenezwa pia kwa leseni na Denso na Zexel. Utaikuta kwenye Toyota Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, kwenye Mitsubishi L200 zenye 4D56, na kwenye pikapu nyingi za rika hilo. Kwa injini ya silinda nne, mabomba manne membamba ya chuma hutoka nyuma ya pampu, kila moja likienda kwenye noseli yake, kile kidomo kinachopuliza mafuta ndani ya silinda. Ukiona pampu inapeleka mafuta kwenye bomba moja nene, na injekta zina nyaya za umeme, funga boneti. Hapo taimingi hupangwa na kompyuta, na kuzungusha pampu hakubadilishi kitu.

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa mpaka ipate moto wa kutosha, ndipo mafuta yanapopulizwa na kuwaka yenyewe. Lakini hayawaki papo hapo. Huchukua muda mfupi sana kushika moto, na kwa sababu ya muda huo huanza kupulizwa kabla pistoni haijafika juu. Yakiwahi, mlipuko unaisukuma chini pistoni ambayo bado inapanda, na utasikia mgongano mkavu wa chuma. Yakichelewa, moto unaikimbiza pistoni inayoshuka: nguvu inatoka na joto kwenye ekzosi, asubuhi gari linawaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe unaowasha macho, na mlimani unashusha gia mahali ambapo zamani hukushusha.

Taimingi huhama kwa sababu za kawaida. Mkanda wa taimingi hunyooka kadiri unavyozeeka, gia za pampu hulika, au pampu ilifunguliwa kubadilishwa sili na ikarudishwa kwa kukisia. Kwa hiyo unachotafuta ni nguvu iliyopotea. Namba ya mtengenezaji ndiyo shabaha, na mimi huwa siivuki.

Kwanza hakikisha kosa ni la taimingi kweli. Filta ya hewa iliyoziba, filta ya dizeli iliyochoka, hewa inayopenya kwenye bomba la kuvuta mafuta, vali zisizo na nafasi sahihi: kila moja inaweza kufanana na taimingi mbovu. Noseli ndiyo inayodanganya zaidi, kwa hiyo ipime hivi. Vaa miwani na glavu, acha injini izunguke polepole bila kukanyaga mafuta, funika nati ya bomba kwenye noseli ya kwanza kwa kitambaa, uilegeze robo ya mzunguko, kisha uikaze na uende kwenye inayofuata. Mgongano ukikoma kwenye silinda moja tu, noseli ya hapo inadondosha au imekwama, itoe ikapimwe. Silinda zote zikigonga sawasawa, sasa ishuku taimingi. Na usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka. Yanatoka kwa mgandamizo wa zaidi ya ba 100 na yanapenya ngozi. Jeraha hilo huonekana dogo kama tundu la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kama mkanda wa taimingi umefikia muda wake, ubadilishe kwanza. Kupima pampu kwa mkanda uliolegea ni kazi utakayoirudia.

Injini ikiwa imepoa, ondoa waya wa hasi wa betri, na osha eneo la pampu mpaka chuma kionekane. Punje moja ya mchanga inatosha kuharibu pampu au noseli. Kisha chora mstari mwembamba kwa ncha ya chuma, upite kwenye flanji ya pampu (ukingo wake unaofungwa kwenye injini) na kwenye injini yenyewe, ili uwe na mahali pa kurudi mambo yakikuchanganya.

Zungusha injini kwa boliti ya puli ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa upande inaozungukia siku zote, mpaka alama ya puli ikae kwenye alama ya pistoni juu kabisa. Alama hiyo hufika hapo mara mbili katika kila mzunguko mzima wa kazi, na ni mara moja tu ambapo silinda ya kwanza inabana hewa. Fungua kifuniko cha vali uangalie: vali zote mbili za silinda ya kwanza ziwe huru, na za silinda ya nne ziwe zinapokezana, moja ikifunga nyingine ikifungua. Ukikuta kinyume chake, zungusha krenki duru moja kamili.

Sasa fungua mabomba ya pampu na uzibe kila mdomo. Katikati ya midomo ile minne kuna boliti ndogo yenye washa ya shaba. Itoe, dizeli kidogo itamwagika, na hapo ndipo adapta ya geji inapoingia. Ingiza geji mpaka mshale uwe umebanwa milimita moja au mbili. Pampu nyingi zina wenzo wa kuwashia baridi unaoisogeza taimingi mbele injini ikiwa haijapata moto. Usipouzuia kwa kipande cha chuma kama kitabu cha injini kinavyoelekeza, utasoma namba ya uongo, kisha utaharibu kitu kilichokuwa sawa.

Endelea kuzungusha krenki mbele, karibu duru mbili, mpaka ubakize kama digrii 30 kufika kwenye alama, ukiiangalia geji. Mshale utashuka, kisha utatulia. Tikisa krenki kidogo huku na huku; mshale usipocheza, weka geji kwenye sifuri. Kisha zungusha mbele taratibu mpaka alama ya puli inayotajwa na kitabu. Injini nyingi hutumia pistoni ikiwa juu kabisa, nyingine hutaja digrii kadhaa pembeni yake. Ukiipita alama hata kidogo, usirudi nyuma kuikamata, maana uchezaji wa gia na mkanda utaingia kwenye kipimo. Zunguka upya.

Namba unayosoma ni kiasi ambacho plunja ya pampu, ile pistoni ndogo ya ndani inayosukuma mafuta, imekwisha kupanda. Kwa pampu nyingi za aina hii huwa karibu na milimita 1, lakini injini hutofautiana, na tofauti ndogo kuliko unene wa ukucha ina maana kubwa hapa, kwa hiyo fuata ya injini yako tu. Ikizidi, pampu imewahi. Ikipungua, imechelewa.

Kurekebisha kwenyewe ni kufupi. Legeza nati za flanji na boliti za mkono wa nyuma wa pampu, kiasi cha pampu kusogea kwa kusukumwa na mkono. Kuizungusha kinyume cha mwendo wa shafti yake kunawahisha. Kuizungusha kufuata shafti kunachelewesha. Kumbuka pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, hivyo digrii moja kwenye pampu ni digrii mbili kwenye krenki. Macho yabaki kwenye mshale. Ukifika kwenye namba, kaza nati kidogo kidogo kwa kupokezana, kwa sababu kukaza kwenyewe huivuta pampu. Halafu zungusha krenki duru mbili kamili na upime tena tangu sifuri. Mara nyingi namba itakuwa imehama, na utalegeza upya. Usikubali "karibu sawa".

Ukiridhika, toa kile kipande kwenye wenzo wa baridi, rudisha boliti ya katikati kwa washa mpya ya shaba, na funga mabomba. Pampu mkono iliyo juu ya filta ya dizeli itaondoa hewa. Legeza nati za mabomba upande wa noseli, rudisha waya wa betri, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka mafuta yatoke kila moja, kisha kaza.

Acha injini ipate moto, ndipo uende barabarani. Chagua mlima unaoujua na gia uliyoizoea. Gari livute bila mgongano mkali unapokanyaga ghafla, moshi mweupe upotee, na geji ya joto isipande kuliko kawaida. Moshi mweusi ukibaki, usirudi kwenye taimingi: hapo mafuta ni mengi kuliko hewa, na kazi iko kwenye filta, noseli au skrubu ya kiasi cha mafuta. Asubuhi inayofuata angalia kama kuna unyevu wa dizeli kuzunguka boliti ya katikati na nati za mabomba, kisha andika kipimo ulichoacha kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi, ili atakayefungua mara nyingine ajue pampu iliachwa wapi.