Chora Kwanza, Kalkuleta Baadaye

Jioni, nikiwasaidia watoto wa ploti yetu huku Umoja, Nairobi, huwa natia vizibo vya soda mfukoni: vitano vyekundu, vitatu vya buluu. Swali: ukitoa viwili bila kurudisha, kuna uwezekano gani wa kupata kimoja cha kila rangi?

Mzazi, ficha kalkuleta kwanza. Mwambie mtoto achore mti, yaani mchoro ambao kila tokeo lina tawi lake, na uwezekano wake umeandikwa kwenye tawi hilo. Matawi ya mwanzo ni 5/8 ya chekundu na 3/8 ya buluu. Hapo mwende polepole, maana hapo ndipo alama nyingi hupotelea. Chekundu kikishatoka, mfukoni vimebaki saba, si vinane: vyekundu vinne, buluu vitatu. Matawi yanayofuata ni 4/7 na 3/7. Akianza na cha buluu, ni 5/7 na 2/7. Akibisha, mpe mfuko atoe kimoja, ahesabu vilivyobaki.

Kwenye njia moja anazidisha. Njia mbalimbali anazijumlisha. Chekundu kisha buluu: 5/8 × 3/7 = 15/56. Buluu kisha chekundu: 3/8 × 5/7 = 15/56. Jumla ni 30/56, yaani 15/28.

Bado hajamaliza. Ajumlishe njia zote nne: 20/56, 15/56, 15/56 na 6/56. Lazima zifike 1. Zisipofika, kuna tawi lenye kosa, alitafute. Hatua hii naipenda mno, kwa sababu mtoto anajisahihisha bila kumngoja mwalimu.

Maswali ya maumbo nayo ni vivyo hivyo: achore, kila kipimo akiandike kwenye mchoro. Chukua mraba wenye upande wa sentimita 14, na ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Punje ya maharagwe ikiangukia popote ndani ya mraba, pasipo mahali panapopendelewa, kuna uwezekano gani iwe ndani ya duara? Aliyechora anaona kipenyo ni 14, basi nusu kipenyo ni 7. Asiyechora huchukua 14 kama nusu kipenyo, anapata eneo la 616, wakati eneo la mraba mzima ni 196 tu! Duara ndani ya mraba haliwezi kuuzidi, na mchoro ungemwonyesha hilo mapema.

Eneo la duara, pai ikikadiriwa kuwa 22/7: 22/7 × 7 × 7 = 154. Uwezekano: 154/196 = 11/14.

Kisha mpe upande wa 28. Atapata 11/14 tena. Mwache aeleze kwa nini kabla hujamwambia.