SOMO: Kuhamisha vitabu vya karatasi kwenda kwenye faili (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wakuu, salaam. Tangu niseme humu kwamba vitabu vyangu 340 vimebaki 41, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mkuu uliwezaje?" Naandika leo mara moja. Kuanzia kesho atakayeuliza nitamtumia uzi huu.

Sababu yangu: nimehama nyumba za kupanga mara tatu, na mara ya mwisho mchwa waliyafungua maboksi kabla yangu.

1. Orodhesha vyote. Daftari linatosha.

2. Vigawe mafungu matatu: vinavyouzwa kama vitabu pepe, vilivyokwisha muda wa hakimiliki (anzia Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ipo tangu 1971 na ni bure), na visivyopatikana popote mtandaoni. Vya Kiswahili vingi vitaangukia fungu la tatu. Jiandae.

3. Nunua vya fungu la kwanza, ila ujue unachonunua. Kwenye maduka mengi unalipia ruhusa ya kusoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle (visomeo vyake vya vitabu pepe) za watu waliokwisha kuvilipia, ikawarudishia hela. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake, vitabu vikazimika, hela ikarudishwa. Hela ilirudi, lakini kitabu kilikuwa kimeshaondoka bila wewe kuulizwa. Ukipata muuzaji wa EPUB (aina ya faili la kitabu pepe) isiyo na kufuli la kuzuia kunakili, mpe kipaumbele.

4. Piga picha vya fungu la tatu. Simu inatosha. Iweke kwenye stendi, tumia mwanga wa dirishani, zima flash. Kitabu kinachojikunja kibane kwa kioo cha fremu ya picha.

5. Zifanye picha zitafutike. Unganisha kurasa kuwa PDF moja, kisha mimi hutumia OCRmyPDF, programu ya kutambua maandishi kwenye picha, ni bure. Amri ya kuandika kwenye kompyuta ni hii: ocrmypdf -l swa --deskew kitabu.pdf tayari.pdf. Hiyo --deskew hunyoosha kurasa zilizokaa upande, na "swa" ndiyo Kiswahili. Lazima faili la lugha hiyo la Tesseract (injini ya kusoma herufi inayotumiwa na OCRmyPDF) liwepo kwenye kompyuta. Usipoandika "-l swa", programu itasoma kana kwamba ni Kiingereza.

6. HAKIKI KABLA KARATASI HAIJATOKA NYUMBANI. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na kitabu cha tenzi alichoniachia marehemu mjomba. Nilikipiga usiku, nina haraka, nikatazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikaona safi. Kesho yake kikaenda na wenzake kwa muuza vitabu vya mtumba. Baada ya siku nne nafungua faili: kutoka ukurasa wa 89 naruka hadi 96. Karatasi nne zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, nikazifunua kama moja. Nikarudi mbio kwa yule mzee, kimeshauzwa, mnunuzi hamjui. Beti naweza kuzipata kwingine. Lakini pembeni mwa kurasa hizo mjomba alikuwa ameandika kwa penseli maana za maneno ya Kimvita, na hizo hakuna duka linaloziuza.

Kwa hiyo: soma namba ya KILA ukurasa kwenye faili, usihesabu jumla tu, kwa sababu ukurasa uliopigwa mara mbili huficha ulioruka. Kitabu chenye maandishi ya mkono, sahihi au wakfu, usikitoe kabisa. Vingine vyote, karatasi ikae miezi mitatu baada ya kuhakiki. Mitatu, si wiki.

7. Panga kwenye Calibre, programu ya bure ya kupanga vitabu pepe. Jina la mwandishi liandike kwa namna moja tu.

8. Nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba unayolala.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu nirushie hivyo vitabu vyote basi, nina bando la usiku.
— Hapana.

Mama Tatu: Samahani kaka, nikitafuta neno ng'ombe kwenye faili langu halipatikani, na kwa macho naliona. Kosa langu?
— Si lako dada, swali zuri sana. Alama ile ya kwenye ng' ina sura mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Kitabu kina iliyopinda, kibodi yako inaandika iliyonyooka, kompyuta inaona herufi mbili tofauti. Tafuta "ombe" peke yake uone ipi imetumika. Ukigeuza kuwa EPUB, Calibre ina kihariri cha kubadilisha zote kwa mkupuo. Fanya hivyo na kwa ng'ambo, ng'aa, zote.

Injinia2: Flashi ya GB 64 si inatosha kuhifadhi?
— Hatua ya 8.

Injinia2: Nauliza tu, mbona mkali?
— Si ukali. Nimeandika tatu, wewe una moja.

Mwalimu Pwani: Je, naruhusiwa kuwagawia wanafunzi kitabu nilichoskani?
— Inategemea mwandishi. Sheria yetu ya Hakimiliki hapa Tanzania, ya 1999, inalinda kazi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Muda ukiisha, gawa. Ila dibaji mpya na maelezo ya mhariri vina haki yake peke yake, hivyo skani toleo la zamani.

Bibi Shamba: PDF kwenye Kindle yangu herufi kama sisimizi.
— Kindle ya inchi 6 haifai kwa picha za kurasa. Tumia kishikwambi cha inchi 10, au geuza kuwa EPUB. Tangu 2022 Amazon inapokea EPUB kwa Send to Kindle.

Mdau wa Tanga: Hivyo 41 vilivyobaki umevikingaje na mchwa?
— Rafu ya chuma, haigusi ukuta, miguu ndani ya makopo ya oili chafu.

Mdau wa Tanga: Oili chafu sebuleni? Shemeji amekubali?
— Rafu ipo stoo.