Usimtoroke mtoto, muage

Ukiwa na mtoto wa kati ya miezi 8 na 18, usimtoroke akiwa anacheza. Muage, hata kama atalia.

Kwenye miezi 8 hivi mtoto huanza kuelewa kwamba kitu kikifichwa bado kipo. Funika mwanasesere kwa kitambaa: wa miezi 4 atageukia jambo jingine, wa miezi 10 atakivuta kitambaa. Akili hiyohiyo ndiyo inayomliza ukiondoka. Anajua upo mahali fulani, ila hajui utarudi lini, maana saa na siku bado hazina maana kwake. Kwa hiyo kilio cha mlangoni si deko wala tabia mbaya. Ni ukuaji, na kwa watoto wengi hupungua wakikaribia miaka 3.

Ukitoweka kimyakimya, anachojifunza ni kwamba unaweza kupotea wakati wowote, na ndipo anapokuganda hata ukienda chooni. Chuchumaa umtazame usoni, mwambie kwa maneno yaleyale kila siku: "Mama anaenda kazini, atarudi ukishaamka." Mbusu, mkabidhi kwa mlezi aliyemzoea, uondoke. Usirudirudi kumbembeleza, inamchanganya zaidi. Na ahadi hiyo uitimize kweli, tafadhali.

Nyumbani chezeni ule mchezo wa kuficha uso kwa viganja na kuufunua. Wengi huuona wa kupoteza muda, kumbe ni mazoezi hasa ya kutengana. Anza na sekunde moja tu, uongeze kidogo akishaanza kucheka.